Mizani ya Wilson

Julai. Ukungu umeuatamia uwanja wa ndege
kama kuku aliyekataa kushuka.
Rubani Halkano anapuliza chai,
anatazama juu, hasemi.

Nimepandishwa mizani pamoja na mkoba:
sitini na tatu.
Kisha sanduku la chanjo, peke yake,
kilo kumi na moja, nane kati yazo ni barafu.
"Tumezidi," karani anasema.
"Mwalimu abaki."
Anaburuta gunia lake la madaftari
bila kunitazama.

Meno yangu yanagongana.
Lodwar, wanasema, bati huchoma kiganja kabla ya saa nne.
Nalikumbatia sanduku:
baridi hii ambayo Nairobi nzima inailaani
ndiyo mzigo wangu.

Upande wa Lang'ata kumepambazuka kidogo.
Halkano anamwaga mashapo ya chai nyasini.