Arubansi

Usiku wa tatu mtoto hakunyamaza.
Mama mkwe, aliyefika kutoka Seme na kuku wawili,
alimwitia majina ya waliolala:
Abuya, akalia. Obiero, akalia.
Ogola, aliyekufa na madeni ya watu,
akalia hadi kitovu kikatutisha.

Nikasema: jaribu Harbans.

Chumba kikanyamaza. Mtoto, la.

"Kalasinga anatafuta nini kwetu?"

Sikumjibu. Hakuwapo mwaka juzi
nilipoingia duka lile nyuma ya soko la Kibuye,
kanga imelowa maziwa yasiyo na mnywaji,
nikaomba misumari ya inchi mbili na bawaba ndogo.
Ndogo kuliko hizo, mzee. Ndogo zaidi.
Akaelewa. Akainamisha kilemba juu ya kaunta,
akahesabu misumari mmoja mmoja, polepole,
kama mtu anayehesabu vidole vya kichanga.
Daftari akalifunga. Hakuandika bei.

Nasikia mwaka huu, kabla ya mvua,
walimchoma kwa kuni. Ndiyo desturi yao.

Mama mkwe ana pengo mbele.
"Arubansi," alisema mwishowe, shingo upande.
Mtoto akapiga kwikwi, akashika titi.

Sijui kama lilikuwa jina au njaa.

Karani wa vyeti aliniuliza herufi mara mbili.
Padre naye ataongeza Kizito Jumapili. Sawa.
Lakini usiku, kilio kikianza,
hakuna atakayeamka kumwita Kizito.