Meza Iliposhuka

Ofisi ya tathmini iko ghorofa ya tatu.
Lifti imebandikwa karatasi tangu mvua za mwaka juzi:
IMEHARIBIKA. TUNAOMBA RADHI.
Radhi tumeshatoa. Lifti haijashuka.

Mumo ana miaka tisa na kilo ishirini na tatu.
Nilimpima kwa mizani ya muuza viazi, sokoni Kayole,
akacheka ndani ya karai mpaka viazi vikacheka naye.
"Huyu ni bei gani?" akatania muuzaji.
Bei yake, nikamjibu, haimo kwenye mawe yako.

Mara ya kwanza nilimpandisha mgongoni
ili nithibitishe kwamba hawezi kupanda.
Juu wakasema: leta barua ya daktari.
Mara ya pili: barua hii imezeeka, leta changa.
Mara ya tatu: picha mbili, macho yatazame mbele.
Macho ya Mumo!
Macho yanayotazama yanapotaka,
yanayomfuata njiwa dirishani
wakati mpiga picha anapiga vidole, anapiga mluzi, anakata tamaa.
Mtindio wa ubongo, iliandika barua changa.
Mgongo wangu ulikuwa umeandika zamani.

Jumanne ile goti liligoma
kwenye kidato cha kumi na saba.
Nikaketi.
Nyuma yangu Bwana Ombachi akaketi na mwanawe Nyangau,
asiyesema na mtu ila husema na hesabu:
vidato hamsini na vinne, akarudia, hamsini na vinne,
kama anayemshtaki mjenzi.
Akaketi Mama Hibo wa Eastleigh,
na Hibo akizungumza kwa vidole,
mazungumzo marefu, yenye mzaha ndani,
na jengo zima halina wa kumsikia ila mamake.

Hatukupanga. Wapo watakaosema tuliandamana.
Lililoandamana ni goti.

"Mama, hapa ni njia," askari akanung'unika.
Tunajua, baba. Hiyo hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga.
Haya. Mwanangu alikuwepo.
Lake ndilo lilikuwa ghorofa ya tatu.

Saa nne ikasikika huko juu
kitu kizito kikiburuzwa, kikigonga ukuta, kikilaaniwa.
Bi Chelagat, afisa mwenyewe, viatu vyake kwapani,
ameshika upande mmoja, tarishi upande wa pili,
na meza katikati, miguu juu,
kama mbuzi anayepelekwa karamuni bila hiari.
Wakaitua kati ya bomba la maji na kibanda cha askari.
"Miaka sita nafanya kazi humu," akasema, pumzi zikimkimbia,
"sijawahi kuzihesabu ngazi hizi."
"Hamsini na vinne," akasema Nyangau.

Kisha akachutama mbele ya Mumo.
Akamwuliza yeye, si mimi:
"Unaitwa nani?"
Nikafungua kinywa nimjibie, mazoea yana tabu,
akanizuia kwa kalamu.
Tukangoja. Bomba likadondosha.
Shingo ya Mumo ikapinda, ikasaka, ikarudi,
uso wote ukafanya kazi ya ulimi.
"Mmm. Mo."
Akaliandika jina, polepole, kama lilivyokuja.

Sisemi mambo yamenyooka.
Shule ya karibu ina mwalimu mmoja, watoto thelathini na mmoja,
na choo chenye mlango mwembamba kuliko kiti.
Mtaalamu wa viungo huja Alhamisi, mafuta yakiwepo.
Kiti cha Mumo alikiunda fundi Kiema
kwa katoni za sabuni na gundi ya unga wa ngano.
Mvua ikinyesha tunakifunika kabla ya nguo.

Lakini meza ingali chini.
Hakuna waraka uliotolewa, hakuna utepe uliokatwa.
Ni kwamba kila anayeambiwa aipandishe
huitazama, huzitazama ngazi,
na hushika kiuno.

Kumbe hata wao wana migongo.