Saa Tano Usiku, Jua Halijatua

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu.
Hawakufika kaskazini mwa Ufini,
kwenye uwanja huu wa nyasi kando ya ziwa,
saa tano usiku na jua bado liko macho,
taa za jukwaani zinamulika bure.

Osmo Rautio anavua kifaa cha sikio,
anakitia mfukoni mwa shati, anafunga kifungo.
Miaka arobaini na tisa ya matoazi
imemla masikio. Sasa husikia kwa nyayo:
besi inapita kwenye mbao, inapenya soksi,
inamwambia, sasa.

Wanaanza na ule wa mapigo saba.
Vijana wa makoti ya plastiki wanapiga makofi,
wanaitafuta ya nane, haipo,
wanatumbukia shimoni, wanacheka, wanaanza upya.
Bibi mmoja tu, juu ya kreti ya bia,
hakosei. Kidole chake gotini
kilijua saba kabla ya kujua pete.

Pentti wa saksafoni ana meno mapya.
Noti ya juu aliyoifukuzia tangu ujana
leo inatoka na mate, inapasuka,
nusu mluzi, nusu kikohozi,
na gitaa, badala ya kumsitiri,
linairudia vilevile ilivyopasuka,
kisha kinanda,
kisha besi,
mpaka kosa limepata nyumba na mlango.

Osmo hajasikia lolote.
Anaona mabega ya wenzake yakitikisika kwa kicheko,
anakanyaga pedali,
anaongeza mwendo.