Sehemu ya Pili, Polepole

Mchwa walikwisha kula jina la mwongozaji,
wakabakiza mkono mmoja kwenye jalada,
kifimbo juu,
kama cha mtu anayezuia ng'ombe wasivuke reli.
Mjomba Chilongani hakujali.
"Mtu hajulikani kwa jina. Hujulikana kwa anavyongoja."
Akapuliza vumbi la Agosti juu ya santuri,
akashusha sindano,
akainua bisibisi ile ile
aliyofungulia saa za watu wa Uhindini.

Fidla huingia moja moja,
wageni wanaovua viatu mlangoni.
Halafu, kabla ya baragumu, yule bwana anavuta pumzi,
unaisikia kabisa, pumzi ya mzee mwenye mafua,
na okestra nzima inaning'inia.
"Hapo," mjomba ananong'ona. "Hapo sasa.
Wengine wangekurupuka. Huyu anaacha uive."
Nje upepo unasukuma mchanga chini ya mlango.
Bisibisi haitikisiki.

Nikakua nikiamini
hakuna aliyewahi kuongoza taratibu kama yule.
Nilibishana na watu juu yake, watu wasiomjua.

Mwaka jana, Area C, binti yangu Mbeleje
akaipata kwenye simu, safi, haina mkwaruzo.
Pumzi ile ile. Mafua yale yale.
Lakini baragumu zikaja mapema,
zikanikuta bado nimefumba macho,
na sauti imepanda kidogo,
kama suruali iliyofuliwa ikaruka.
Dakika tisa. Tukarudia. Tisa.

Nikalitafuta daftari la mjomba, lile la kazi:
Saa ya karani Mhwaga, inachelewa.
Saa ya sakristia, inakimbia, mteja hajalipa.
Na pembeni, kwa penseli:
Santuri. Jalada linasema tisa. Kwangu kumi na nusu.
Umeme wa mji huu umechoka.
Usirekebishe.

Fundi aliyegombana na sekunde maisha yake yote!

Sasa sijui ni nani aliyeniongozea ujana,
yule wa kifimbo,
au jenereta iliyokuwa ikikohoa ng'ambo ya stesheni
kila taa za mji zilipowashwa.

Mbeleje anasema simu inaweza kupunguza kasi,
ni kubonyeza tu, baba, nipunguze?
Kidole chake kiko juu ya kioo.
Nimemwambia angoje kidogo.