Kisanduku cha Nyenzo

Jumapili usiku. Andalio la somo liko mezani,
limegawanywa vipande kama mashamba ya mpunga ya hapa Ahero.
Mada: nambari hasi. Darasa: Saba Magharibi. Muda: dakika arobaini.
Kisha kisanduku kimoja chembamba, Nyenzo,
kisichotosha hata jina langu lote,
nami nimekikodolea macho hadi uji umeshika utando.

Mwaka jana niliandika: maharagwe.
Nikaleta kikombe kizima, nikahesabu matatu,
nikatoa matatu, meza ikabaki tupu.
"Sasa toa mawili mengine," nikasema.
Odeny akaitazama meza, akanitazama mimi:
"Mwalimu, nikaibe wapi?"
Haragwe linajua kuwepo.
Kutokuwepo kwake haliwezi kukueleza.

Muhula wa kwanza niliandika: projekta.
Ilikuwa mpya, bado inanukia kasha.
Nikawaonyesha kipimajoto, theluji,
mzee aliyefungwa koti hadi puani, hasi ishirini.
Watoto wanaokuja shuleni na jua utosini
wakauliza habari za koti.
Koti likala dakika thelathini.
Siilaumu projekta. Wiki iliyofuata
ilifungua moyo wa binadamu ukutani, vali zikipepesa,
na hakuna chaki yangu ambayo ingepiga mapigo yale.
Jembe halilaumiwi kwa kushindwa kuteka maji.

Niliandika pia: kukariri.
Hasi mara hasi ni chanya, hasi mara hasi ni chanya,
wakaghani hata mpishi jikoni akashika.
Tofauti ni kwamba mpishi hakudai ameelewa.

Alhamisi iliyopita, nikifuta ubao,
nikaiona alama niliyokwisha kuizoea:
mstari wa kahawia, ukuta wa kusini,
kutoka mwaka ule Nyando ulipoingia bila hodi
ukatoka na madawati.
Tumeupaka rangi mara mbili, matope yamechungulia tena,
yamenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kuchora.
Nikaandika kando yake kwa chaki: 0.

Ijumaa nikawaita Saba Mashariki ukutani na rula ya mita.
Apondi akasimama wima: "Kichwa, chanya arobaini!"
Akainama: "Goti, hasi sitini na tano!"
Wakagombania rula.
Omolo, ambaye tangu Januari hajainua mkono
isipokuwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani,
akauliza umbali kutoka goti hadi kichwa,
akajijibu mwenyewe, mia moja na tano, akaketi
kama mtu aliyelipwa.
Nilisikia raha ile ambayo mshahara hauijui.

Ndipo Nyagudi akaja, hakuchukua rula.
Akaweka kiganja ukutani, chini, chini ya mstari.
"Kitanda cha dani kilikuwa hapa," akasema.
"Hasi sitini."
Omolo alipima baadaye, polepole. Hasi sitini kamili.

Jibu lilikuwa sahihi.
Sijui alama ya vyema huwekwa wapi
juu ya jibu kama hilo.
Kengele ikalia, nayo ikanisaidia.

Basi kesho ni zamu ya Magharibi.
Nimefikiria ngazi ya kisima: hakuna kisima.
Nimefikiria deni dukani kwa Min Akumu:
deni wanalijua vizuri mno, na majina yao yamo daftarini.
Nimefikiria kurudi kwa koti na theluji,
mahali ambapo hakuna anayeumia
na hakuna anayeelewa.

Chuoni walitufundisha kwamba nyenzo nzuri
hupatikana kirahisi, huonekana hadi nyuma ya darasa,
hutoka katika mazingira ya mwanafunzi.
Ukuta wangu umefaulu yote matatu.
Hakuna aliyeniambia kwamba mazingira ya mwanafunzi
yana watu ndani.

Uji umepoa. Nimeandika "ukuta", kwa penseli.
Asubuhi, kabla ya gwaride,
nitamtafuta Nyagudi kwanza
nimuulize kama niifute ile sifuri.
Hilo kisanduku hakina nafasi yake.
Nimeliandika pembeni, nje ya mistari.