Nusu Lita

Mwaka wa tisa huu nachoma vidole vya watu.
Qoriwasi iko juu mno; maharage hayaivi hata ukesha nayo,
na mgeni kutoka Lima hulala amekaa siku tatu,
akihema kama aliyekimbizwa.

Leo wamekuja wawili wa nyumba moja.
Eulogio Ccapa, mchimba dhahabu,
midomo ya zambarau, masikio yanayovuma usiku kucha;
na Yolinda, bintiye, miaka mitano,
anayevunja barafu ya paani akaitafuna kama pipi.
Nimemfunua kope ya chini: nyeupe, ganda la yai.
Baba damu imemzidi, mtoto imempungukia,
na chungu chao ni kimoja.

Nilifundishwa kwa michoro, nami husimulia kwa mikono:
figo hunusa hewa. Ikiwa haba
huandika barua, huitupa mtoni, na mto ni damu.
Barua huingia ndani ya mfupa,
kwenye uboho, karakana isiyojua usiku.
*Ongezeni*, imeandikwa. Basi.
Huko kila chembe hupewa chuma, huvikwa wekundu,
na siku ya kutoka hukiacha kiini chake mlangoni
kama mpagazi anayevua koti ili abebe zaidi.
Siku mia na ishirini za kubeba pumzi.
Kisha wengu huipokea kongwe hiyo, huivua chuma,
huwarudishia wahunzi. Chuma hakizikwi.

Kwa Eulogio, figo zimeandika miaka ishirini bila kituo,
na uboho umetii, umetii, hadi mto umekuwa uji.
Kwa Yolinda barua zinafika, zimerundikana.
Moto unawaka, wahunzi wamekaa,
ghala tupu.
Chembe zinatoka ndogo, zimepauka,
vikombe vilivyosuuzwa.

Mashine inasema kumi na mbili.
Pwani ya Lima wangempongeza.
Huku lazima uutoe mlima kwanza,
na ukiutoa mlima inabaki nane.

Sindano imeingia mkononi mwa baba.
Mfuko unajaa polepole, mweusi kama zabibu.
Nusu lita, ili kichwa kimpumzishe mwezi mmoja.
Anautazama mfuko. Anamtazama mtoto.
"Hii mnaipeleka wapi?"
"Tanurini."
"Mpe yeye."

Kundi lao ni moja;
sikuwa na pa kujificha.
Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Hii ilikuwa nzito kuliko damu.
Nikamwambia: ya mgonjwa haigawiwi, Eulogio,
na yeye hahitaji kupewa, anahitaji kufua yake.
Mfupani mwake yumo mhunzi hodari. Mletee chuma.
Matone haya, asubuhi, na maji ya chungwa.
Chai isikae karibu na chakula, hukishika chuma mkono.
Damu ya kuku, ikaange na vitunguu.
Nyumbani mnakula nini?
"Viazi vikavu," akasema. "Chai. Viazi vikavu."
Halafu, akitazama viatu vyake:
"Dhahabu naijua. Chuma sijawahi kukitafuta."

Nilipochomoa sindano aliomba aushike mfuko kidogo.
Hairuhusiwi.
Akauweka mapajani mwa Yolinda,
na yule mtoto, ambaye vidole vyake
nilikuwa nimevisugua dakika tano nzima kabla ya kupata tone,
akavilaza juu yake vyote kumi.
"Una moto," akasema.
Nikawaacha hadi ulipopoa.

Siku ya kumi nikatazama tone lake chini ya lenzi:
chembe changa, kubwa kidogo, zenye ubuluu wa alfajiri,
zilizotoka na haraka hata hazijakauka rangi.
Nikazihesabu. Nikazihesabu tena, kwa tamaa tu.

Wiki ya nne ameletwa na shangazi.
Meno meusi kwa dawa; anayaonyesha kwa kila mtu.
Barafu ya paani, anasema, haina ladha.

Baba hakuja. Yuko shimoni,
na figo zake zinaandika.