Kunguru Wangapi

Kati ya hekalu la ishirini na tatu na la ishirini na nne
ni siku tatu za lami. Bahari mkono wa kushoto,
malori ya saruji mkono wa kulia,
na katikati mimi, mwanamke wa miaka sitini na mmoja
ndani ya nguo nyeupe za maiti,
maana ndivyo tuvaavyo mahujaji wa Shikoku:
ukianguka njiani, sanda unayo.

Nahesabu kwa vidole. Tano, saba, tano.
Nahesabu kwa Kiingereza.

Usinicheke, Mama. Miaka thelathini na minne
niliwafundisha wavulana waliolalia madawati,
na kwa lugha ile sikuwahi kuandika kitu
ila "rudia", ila "sahihisha", ila sita juu ya kumi.

Kwa lugha yetu siwezi. Kila neno la msimu
lina mto wake wa kukalia sebuleni kwako:
maua ya plamu, mwezi wa mavuno, nyenze wa kiangazi,
wamekaa wote, wanakunywa chai, wananikodolea macho,
nawe umeshika penseli nyekundu.
Tangu nina miaka tisa
mistari yangu ilinirudia ikivuja damu.
"Mitsuyo, hili limeshasemwa."
"Mitsuyo, hili halijasemwa kwa kuwa halifai."

Ulipokwisha kuzikwa, mwezi wa nne,
nikahamia lugha usiyoisoma.

Juu ya daraja hatugongi fimbo.
Wanasema mtakatifu alilala chini ya mojawapo
usiku mmoja wa baridi, na hakuna ajuaye ni lipi,
wala kama ameshaamka.
Nyuma ya risiti ya biskuti nikaandika:

*Daraja fupi:*
*nabeba fimbo yangu*
*kama mtoto.*

Bi Shigeno, muuza machungwa, alinipa matatu bure
(zawadi ya njiani haikataliwi)
akauliza ninaandika nini. Nikamsomea, vilevile, kwa Kiingereza.
Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, mikono magotini.
"Kama mtu anayetafuna barafu," akasema.

Nilitembea hadi jioni nikitafuna barafu.

Kisha mlima, kisha mvua, kisha lengelenge la pili
juu ya lengelenge la kwanza. Kwenye ofisi ya mihuri
alikaa kijana wa kichwa kilichonyolewa,
na brashi mkononi. Takebumi!
Darasa la tatu B, mwaka wa kimbunga kile,
bingwa wa kulala kuliko wote.
Alinipigia mihuri mitatu myekundu,
akaandika jina la hekalu kwa pumzi moja,
na alipofungua daftari langu la pili, kwa kukosea,
nikashindwa kumzuia.

*Juu ya paa*
*kunguru na ukungu*
*havitengani.*

Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno,
nilivyomfundisha.
"Mwalimu. Kunguru wangapi?"

Kwetu kunguru ni kunguru.
Awe mmoja, wawe arobaini, neno halina habari.
Kiingereza ni karani wa forodha:
hupiti na ndege kabla hajahesabiwa.
Mimi niliandika mmoja. Sikufikiri. Nilimwona mmoja,
au nilitaka awe mmoja.

Nikatoka nje kutazama. Paa tupu,
maji yakidondoka kwenye pembe zake nne.
"Sijui," nikamwambia niliporudi.
Akachovya brashi ndogo katika wino mwekundu,
akaongeza herufi moja mwishoni. Moja tu.
"Wawe wengi," akasema. "Mvua hii ni ndefu."

Kisha akanitoza yeni mia tano, za mihuri.

Usiku, kwenye nyumba ya wageni, niliosha mguu wa fimbo
kabla ya miguu yangu, kama inavyopasa.
Nikafungua daftari.
Wino ulikuwa umepenya karatasi.
Umeacha doa ukurasa wa pili,
ambao sijauandika.